Sahihisho la Mheshimiwa Mpangala

Jina la nchi yetu silitaji. Si kwamba naogopa. Sheria inataka jina hilo litamkwe mtu akiwa amesimama wima, mikono ubavuni, nami naandika nimekaa kwa sababu ya mgongo. Yatosha kujua kwamba ni nchi nzuri, ina bendera, ina Mkuu, ina Bunge lenye wabunge mia moja sabini na tano na viti vinavyozunguka, na mimi ni karani wa Kumbukumbu Rasmi za Bunge hilo, huu mwaka wa kumi na tisa. Anachosema Mheshimiwa, naandika. Akikohoa, naandika kwenye mabano kwamba amekohoa. Maoni sina. Maoni yana ofisi yake, ghorofa ya tatu, na hufungwa saa nane mchana.

Sasa, nchi yetu na jirani zake wanne wamekuwa wakijenga Shirikisho kwa miaka ishirini na sita. Kila mwaka wakuu watano hukutana, hukumbatiana, hupanda mti, hutia saini mkataba, na kila mmoja hurudi kwake na kofia ya mwenzake. Miti ile imeshakuwa msitu. Shirikisho lenyewe bado, na sababu ni ya hesabu ndogo tu: wakuu ni watano, na kiti cha Mkuu wa Shirikisho ni kimoja.

Ndiyo maana Mnadhimu wa chama tawala, yule anayewaambia wabunge wapige kura vipi, hutoa maelekezo yaleyale kila mswada wa Shirikisho unapoletwa. Nimeyasikia mara nyingi mpaka nayaota. "Waheshimiwa, msimamo wa Chama haujabadilika. Tunaliunga mkono Shirikisho kwa hotuba, na tunalipinga kwa kura."

Mkuu naye, kwa kujua kwamba Bunge lake ni tiifu, alikuwa akitia saini miswada yote ya Shirikisho kabla haijafika bungeni. Aliitia kulekule mkutanoni, mbele ya kamera, kwa kalamu ya dhahabu. Alikuwa na hakika hakuna hata mmoja utakaopita, kwa hiyo saini haikumgharimu kitu. Kumbuka jambo hilo, ndugu msomaji. Nitalirudia.

*

Mbunge wa jimbo la Mwisho wa Lami ni Mheshimiwa Dokta Ludoviko Mpangala. Udokta aliupata katika chuo cha nchi ya ng'ambo kwa njia ya posta, wiki ileile aliyopiga kura ili vyeti vya nchi ya ng'ambo visitambuliwe hapa kwetu. Ni mtu mnene wa sauti. Akizungumzia Shirikisho hulia machozi ya kweli, kitambaa anacho tayari. "Mheshimiwa Spika," husema, "mimi nimezaliwa mpakani! Kitovu changu kimezikwa upande huu, mizizi yake inanywa maji upande ule! Anayelipinga Shirikisho ananipasua mimi katikati!"

Kisha jina lake huitwa, naye hujibu, "Hapana."

Amefanya hivyo mara ishirini na nne. Pasipoti ya pamoja, hapana. Soko la pamoja, hapana. Daraja la pili mtoni, hapana, baada ya hotuba ya dakika arobaini juu ya uzuri wa madaraja. Mara moja tu amesema ndiyo, pale ilipopendekezwa kwamba wajumbe wa vikao vya Shirikisho wapite kwenye uwanja wa ndege kwa mlango wenye zulia. Siku ile alisema ndiyo mara mbili, nikaiandika mara moja.

Na kila akirudi jimboni, alikusanya watu akawaambia, "Ndugu zangu, nimewapigia ndiyo. Wenzangu wameniangusha." Watu walimpa pole. Walimpa na kuku. Kwenye kizuizi cha mpakani paliwekwa picha yake kubwa, ameinua kidole gumba, na chini yake maneno: MPANGALA, MTETEZI WA KUVUKA.

Ni lazima nieleze kizuizi hicho. Mwisho wa Lami hakuna hospitali. Hospitali ya serikali yetu iko mwendo wa siku mbili, kama gari halijakwama. Ng'ambo ya mto kuna hospitali nyeupe, ina wakunga na umeme, hatua mia sita kutoka kizuizini. Unaiona. Unasikia jenereta yake. Lakini mjamzito anayetaka kuvuka sharti ajaze Hati ya Kuvuka kwa Uzazi, aiwasilishe siku ishirini na moja kabla, na aandike bila kukosea siku na saa ambayo uchungu utaanza.

Mwaka juzi mke mmoja kijana aitwaye Pelagia aliandika Alhamisi, saa nne asubuhi. Uchungu ulimjia Jumanne. Koplo Mashaka wa kizuizini aliisoma hati, akaisoma tena, akasema, "Mama, Alhamisi si mbali." Mtoto alizaliwa kwenye benchi la kizuizi, chini ya kile kidole gumba, kitovu kimemzinga shingoni. Alikuwa mvulana. Hakulia.

Nimesema sina maoni, na kweli sina. Lakini siku niliyoipata habari hiyo sikula chakula, na nilipoliandika jina la Mpangala kwenye orodha ya mahudhurio, nilitoboa karatasi.

*

Kwa mujibu wa Katiba, kila raia ana haki ya kuja kwa karani wa Kumbukumbu na kuomba asomewe kura za mbunge wake. Haki hiyo ipo tangu uhuru. Katika miaka yangu yote hakuna aliyekuja, hivyo kiti cha mwombaji tulikuwa tumekiwekea mashine ya kutengenezea chai.

Jumatano moja akaja Bibi Skolastika Nandwa, mama mkwe wa Pelagia. Alikuwa amesafiri siku mbili, kiatu kimoja kimefungwa kwa kamba. Niliiondoa mashine.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Wewe ndiye unayeandika wanayosema wakubwa?"

"Ndiye mimi."

"Yote?"

"Na vikohozi."

Alikaa. Akaangalia makabati yangu kama mtu anayekagua maghala ya jirani asiyemwamini. "Mkwe wangu ana mimba tena. Mwezi wa nane unakwisha. Wiki hii lazima tupeleke ile hati yao. Sasa safari hii tuandike siku gani, baba? Wewe umesoma. Niambie, tuandike siku gani?"

Nilitafuta kalamu iliyokuwa mkononi mwangu.

"Basi," akasema, "nisomee kura za Mpangala. Wiki iliyopita nimesikia redioni mswada wa wajawazito umeanguka kwa kura moja. Yeye katuambia alipiga ndiyo. Mimi ni mtu mzima, nimelea watoto saba, najua mtoto aliyekula sukari anavyotembea. Mpangala siku hizi anatembea hivyo."

Nilisoma. Nilianza na mswada wa kwanza wa miaka minane iliyopita nikaenda nao mmoja mmoja. Hapana. Hapana. Hapana. Alihesabu kwa kukunja vidole, vikaisha, akaanza upya. Nilipofika mswada wa ishirini na nne, ule wa wiki iliyopita, uliosema mgonjwa na mjamzito wavuke bila hati, nilishusha sauti. Ndiyo themanini na saba, wapinzani wote; hapana themanini na nane, Chama kizima. Mpangala, hapana.

"Soma tena hiyo."

Nikaisoma tena.

Hakulia, na hilo ndilo lililonitisha. "Kuku wangu wanne," alisema. "Yule mtu kala kuku wangu wanne." Kisha akasimama. "Nigongee muhuri. Mficha uchi hazai. Uchaguzi ni mwisho wa mwezi huu, nitaisoma karatasi hii sokoni, kanisani, kisimani, na nikimkosa mtu nitamfuata shambani."

Nikagonga muhuri. Nikagonga mara tatu, ingawa kanuni inataka mara moja.

*

Habari za karatasi hiyo zilimfikia Mheshimiwa kabla Bibi Skolastika hajafika nyumbani, maana gari la Mheshimiwa ni la kasi na la bibi lilikwama. Ijumaa aliingia ofisini kwangu bila kubisha hodi.

"Karani! Nani kakupa ruhusa ya kuwasomea watu kura zangu?"

"Katiba, Mheshimiwa."

"Katiba gani?"

"Hii ya kijani, Mheshimiwa. Mliapa nayo."

Alifuta jasho kwa kile kitambaa cha machozi. Kisha akaketi, akalainika, akaniita ndugu yangu. Alitaka kutumia Kanuni ya Sitini na Moja.

Kanuni hiyo ina historia yake. Zamani mbunge mmoja alimsifu Mkuu kwa dakika kumi na mbili akasahau kusema "mpendwa". Alilala nje ya nyumba yake wiki nzima kwa hofu. Ili kumwokoa, Bunge likatunga kanuni kwamba Mheshimiwa anaweza kusahihisha kumbukumbu zake ndani ya siku kumi na nne, mara moja tu, na sahihisho likishaingizwa huhesabiwa kwamba ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo. Tangu hapo waheshimiwa wamesahihisha majina ya vyeo, matusi, na mmoja alisahihisha kicheko.

"Kura zote ishirini na nne," alisema Mpangala. "Weka ndiyo."

"Ishirini na tatu zimepitwa na muda, Mheshimiwa. Iliyobaki ni hii ya wajawazito. Leo ni siku ya kumi na mbili."

"Basi hiyohiyo! Ndiyo inayonichoma. Nipe nakala yenye muhuri inayosema Mpangala, ndiyo. Nikiipeperusha mkutanoni, nani atasikiliza kikaratasi cha bibi kizee?"

Nikatoa fomu. Hapa naomba msomaji anishuhudie, kwa sababu baadaye niliulizwa sana. Nilimwambia, "Mheshimiwa, una hakika? Sahihisho hili hugusa jumla ya..."

"Wewe karani unanifundisha Bunge mimi?" alifoka. "Mimi ni Dokta! Andika unaloambiwa!"

Nami huandika ninaloambiwa. Ndiyo kazi yangu. Alitia saini ya herufi kubwa iliyokula mistari mitatu, akachukua nakala yake, akaondoka huku akipiga mluzi.

Nilibaki na fomu na kanuni, na kanuni inasema kura ikisahihishwa, karani ahesabu upya. Nikahesabu. Ndiyo themanini na nane. Hapana themanini na saba. Nikahesabu kwa vidole kama Bibi Skolastika, ikawa vilevile. Mswada umepita. Mswada uliopita hupelekwa kwa Mkuu kutiwa saini, lakini huu ulikuwa na saini tayari, ya kalamu ya dhahabu. Ulibaki kwenda kwa mpiga chapa wa Gazeti la Serikali, nami nikaupeleka mwenyewe kwa miguu, mgongo na yote. Jumatatu asubuhi ulikuwa sheria. Hakuna aliyegundua kwa siku tatu, kwa kuwa katika nchi yetu Gazeti la Serikali husomwa na watu wawili, mpiga chapa na Koplo Mashaka, ambaye kule kizuizini hana kingine cha kusoma.

*

Yaliyofuata makao makuu ya Chama siwezi kuyaeleza yote, maana sehemu kubwa ilikuwa kelele. Spika alilaumu viti vinavyozunguka. Mnadhimu alinishika ukosi akaniuliza ninatumwa na nani, nikamwonyesha fomu, akaniachia, akamshika ukosi Mpangala.

"Umepitisha sheria!" alimwambia. "Miaka ishirini na sita hakuna aliyethubutu! Leo wanavuka kujifungua, kesho watavuka kuoa, keshokutwa watauliza kwa nini wakuu ni watano!"

"Nilitaka karatasi tu," alisema Mpangala kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuiandika.

Ilipatikana njia moja, Kanuni ya Sitini na Mbili. Sahihisho hufutwa iwapo Mheshimiwa mwenyewe, hadharani, mbele ya karani wa Kumbukumbu, atatamka neno hili: "Nilidanganya." Kanuni hiyo haijawahi kutumika. Nadhani waliitunga kama watu wanavyonunua bomba la kuzimia moto, kwa sababu ukutani palikuwa na msumari.

Mpangala akaahidiwa kwamba akilisema, hata akipoteza jimbo atapewa ubalozi. Asipolisema, Chama hakimjui. Mkutano ukaitishwa Mwisho wa Lami, Jumapili mchana, nami nikapakiwa gari moja na Mnadhimu, nikiwa na mkoba wangu wa fomu.

*

Uwanja ulijaa. Tangu Jumatano, Gazeti lilipomfikia Koplo Mashaka, kizuizi kilikuwa juu, na watu walikuwa bado wanakitazama kama wanaoangalia jino la mtu lililong'oka. Wagonjwa watano walikuwa wameshavuka. Pelagia alikaa mbele kwenye kiti cha kukopa, tumbo limeshuka, mkono wa mama mkwe wake begani. Alikuwa mwanamke mdogo, mtulivu, na hakuondoa macho kwa Mheshimiwa. Alijua neno moja likitamkwa, kile chuma kitashushwa tena, na ile hati ya siku ishirini na moja hawakuwa wameipeleka.

Mpangala alipanda jukwaani. Mnadhimu alikaa mstari wa kwanza, mikono kifuani. Nikafungua daftari.

"Ndugu wananchi," alianza, "kura ni kitu kizito. Kuna ndiyo iliyo ndani ya hapana, na kuna hapana yenye mapenzi ya ndiyo..."

"Ulipiga nini?" alipaza sauti Bibi Skolastika.

"Mama yangu, ngoja nifafanue..."

"Mimi si mama yako. Mamako alikuwa mtu mkweli, nilimfahamu. Ulipiga nini?"

Mnadhimu alikohoa, nami nikaandika kwamba amekohoa. Mpangala alishika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Ndugu zangu, mimi... nili..." alisema. "Nili... nilida..."

Nilikuwa nimeweka kalamu kwenye karatasi. Niliona anajaribu, kweli anajaribu, kama mtu anayetaka kutamka neno la lugha asiyoijua. Miaka minane mdomo ule ulikuwa haujafanya kazi ya namna hiyo. Pelagia alishika tumbo kwa mikono yote miwili.

"Nilida..."

"Amedanganya!" alidakia mtu nyuma, na watu wakacheka.

Kicheko hicho ndicho kilichotuokoa. Mpangala alivimba. Ubalozi, Chama, Mnadhimu, vyote vilimtoka kichwani. "Nani anasema nimedanganya?" alinguruma. "Mimi? Dokta Ludoviko Mpangala? Sijawahi kudanganya tangu nizaliwe! Nilipiga ndiyo! Andika, karani!"

Nikaandika. Sijawahi kuandika uongo wowote kwa furaha kiasi kile. Mnadhimu alifumba macho. Watu wa aina ya Mpangala, nilijifunza siku ile, kwao ni afadhali nchi ipate nafuu kwa bahati mbaya kuliko wao wakiri kosa.

Nitangulie mbele kidogo ili msomaji asikae roho juu. Pelagia alivuka Jumatano, siku ambayo haikuandikwa mahali popote. Koplo Mashaka alimbebea kikapu hadi katikati ya daraja, akarudi bila kumtazama mtu usoni. Ni mtoto wa kike, na alilia mpaka wakasikia upande huu.

Lakini Jumapili ile bado hatujaimaliza. Watu walipiga vigelegele, na Mpangala, mtu asiyekawia kuoga maji asiyoyachota, akatoa ile nakala yangu yenye muhuri akaanza kuipeperusha. "Mnaona! Mimi ndiye niliyefungua mto! Hapana imesahihishwa, imekuwa ndiyo, na kwa kanuni ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo! Hakuna kisichosahihishika, ndugu zangu! Mwenye shida yoyote aje kwangu!"

Bibi Skolastika alipanda jukwaani polepole, na kile kiatu chake cha kamba. Mpangala alidhani anakuja kushukuru, akamsogezea kipaza sauti.

"Nimefurahi kusikia," alisema bibi. "Basi twende pale nyuma ya kizuizi, si mbali. Mwaka juzi tulimzika mjukuu wangu hapo, hata jina hakupata. Nawe wasema kila kitu kinasahihishika, kinakuwa hivyo tangu mwanzo. Nisahihishie na hilo."

Tukasikia jenereta ya hospitali ng'ambo ya mto. Mpangala akafanya kile ambacho waheshimiwa hufanya wakikwama: aligeuka akanitazama mimi.

Nikafungua mkoba. Nilipekua fomu zote, moja baada ya nyingine, mbele ya watu, taratibu, ili aone ninatafuta.

"Hiyo, Mheshimiwa," nikasema, "hatuna."